Asili ya Siagi ya Shea na Matumizi Yake katika Utunzaji wa Ngozi na Nywele: Uchunguzi wa Kihistoria wa Masimulizi na Ushahidi

Utangulizi

Siagi ya shea ni mafuta yagandayo yatokanayo na kiini cha kokwa ya mti ambao wataalamu wa mimea huuita Vitellaria paradoxa. Mti huu huota katika ukanda wa savana ulio kusini mwa Sahara, kuanzia Senegali upande wa magharibi hadi Uganda ya Kaskazini, Sudani Kusini na Ethiopia upande wa mashariki. Katika miongo ya karibuni siagi hii imeenea ulimwenguni kote kama kiambato cha losheni, sabuni, mafuta ya nywele na dawa za midomo. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaikuta katika maduka ya vipodozi, imepangwa kwenye rafu moja na mafuta ya nazi na ya nyonyo, na ikiwa na bei inayoyapita yote mawili.

Pamoja na bidhaa huja masimulizi. Mnunuzi huambiwa kwamba Kleopatra alisafirishiwa siagi ya shea katika mitungi, kwamba Nefertiti aliitumia kulinda ngozi yake dhidi ya jua la jangwani, na kwamba hata Malkia wa Sheba aliijua. Masimulizi hayo yanarudiwa katika vitabu vya urembo, vipeperushi vya kampuni na, kwa bahati mbaya, hata katika sehemu za utangulizi za makala za kitaaluma ambazo kiini chake ni kemia au tiba ya ngozi. Huko hunukuliwa kana kwamba ni jambo lililokwisha kuthibitishwa, na anayenukuu humnukuu mwenzake aliyenukuu kwa mwingine.

Hoja inayotetewa katika insha hii ni kwamba siagi ya shea inayo historia iliyothibitishwa, ndefu na yenye kuvutia, ila haitokani na majumba ya kifalme ya Misri. Ni historia ya wakulima wa savana, na hasa ya wanawake, walioulinda mti huu mashambani mwao na kubuni njia ya kuyatoa mafuta yake. Masimulizi ya malkia yameifunika historia hiyo. Suala hili si la usahihi wa tarehe tu. Anayetambuliwa kuwa ndiye asili ya bidhaa ndiye anayetambuliwa kuwa mwenye maarifa yake, na swali la nani mwenye maarifa haliko mbali na swali la nani anastahili malipo.

Kleopatra na tatizo la ushahidi

Ni vyema kuanza na dai lenyewe. Kleopatra VII alifariki mwaka 30 KK. Maisha yake yameandikwa na waandishi wa Kigiriki na wa Kirumi, na mafuta na manukato ya Misri ya kale yamechunguzwa kwa kina kupitia maandishi, michoro ya makaburini na mabaki yaliyomo katika vyombo. Mafuta yanayojitokeza katika ushahidi huo ni ya mlonge, ya nyonyo na shahamu za wanyama, yakichanganywa na sandarusi, maua na utomvu wenye harufu. Wanaodai kwamba shea ilikuwamo hawataji mwandishi wa kale, kaburi, wala chombo.

Jiografia nayo ina la kusema. Mti wa shea hauoti Misri. Miti iliyo karibu zaidi na Misri kwa kufuata mto ni ile ya Sudani Kusini na Uganda, na kati yake na Misri kuna kinamasi kikubwa cha Sudd. Wakati wa utawala wa Nero, katika karne ya kwanza BK, Warumi walituma kikosi kupanda mto Nile. Seneca na Plinius wanatupatia habari zake, na inaelekea kikosi hicho kilikwama katika kinamasi hicho hicho. Hilo halithibitishi kwamba biashara ya mkono kwa mkono haikuwezekana. Mtafiti mwangalifu hatasema haikuwezekana. Lakini jambo kuwezekana ni kitu kimoja, na jambo kutokea ni kingine. Wanaouza hadithi hii hulichukua la kwanza na kulitangaza kuwa la pili. Kuhusu Malkia wa Sheba, mtu anashawishika kudhani kwamba aliingizwa kwa sababu tu jina lake linakaribiana kimatamshi na neno shea.

Ushahidi wenye uzito zaidi dhidi ya dai hili unatoka Misri yenyewe, ingawa ni wa zama za baadaye sana. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 14, Ibn Fadl Allah al-Umari, mwenyeji wa Damascus aliyekuwa katibu katika serikali ya Wamamluki jijini Cairo, aliandika habari za dola ya Mali kwa kuwahoji watu waliokuwa wameishi huko. Katika habari hizo alieleza juu ya mti ambao jina lake linasomeka kariti. Aliueleza kama vile mtu anavyoeleza kitu kigeni: tunda lake linafanana na kitu gani, ladha yake inakaribia ya tunda gani, na ndani yake kuna nini. Laiti siagi hii ingekuwa sehemu ya utamaduni wa Misri tangu enzi za Kleopatra, mwandishi wa Cairo asingehitaji kumfafanulia msomaji wake kwa kiasi hicho.

Kirikongo: ushahidi wa ardhini

Tukitoka kwenye mto Nile na kuelekea magharibi, kiasi cha ushahidi kinabadilika. Katika kijiji cha kale cha Kirikongo, kilichoko magharibi mwa Burkina Faso ya leo, wanaakiolojia Daphne Gallagher na Stephen Dueppen wamefukua mabaki ya makazi ya wakulima yaliyokaliwa kwa zaidi ya miaka 1,500. Mwaka 2016 walichapisha, pamoja na mwenzao, uchambuzi wa vipande vya maganda ya kokwa za shea vilivyopatikana humo. Vipande hivyo vinaanzia tabaka za chini kabisa, yaani takriban mwaka 100 BK, na vinaendelea kuonekana katika tabaka zinazofuata. Kabla ya hapo ushahidi wa kiakiolojia uliokuwa ukitegemewa, ukiwamo ule wa Saouga, kaskazini mwa Burkina Faso, ulikuwa ukituweka katika zama za kati tu. Kirikongo ilirudisha nyuma historia ya shea kwa kadiri ya karne tisa au kumi.

Yafaa kusisitiza kwamba mwaka 100 BK si mwaka ambao matumizi yalianza. Ni mwaka ambao ushahidi wetu unaanza, na wafukuzi wa kesho wanaweza kuurudisha nyuma tena. Vilevile, ganda la kokwa lenyewe halituambii kama mafuta yaliyotoka humo yaliingia chunguni, taani au mwilini. Linatuambia kwamba kokwa zilikusanywa, zikaletwa nyumbani na kuvunjwa, na kwamba kazi hiyo ilifanywa kizazi baada ya kizazi. Hilo si dogo.

Kuna jambo la pili linalojitokeza katika utafiti wa aina hii. Mti wa shea kwa kawaida haupandwi. Hukua polepole mno, huchukua takriban miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa vizuri, na huweza kuishi kwa zaidi ya karne mbili. Mkulima anayefyeka pori hukata miti mingine na kuuacha huu usimame katikati ya mtama na uwele. Baada ya vizazi kadhaa, shamba linageuka kuwa kitu kilicho kati ya msitu na konde: nafaka chini, shea juu, na mti mmoja hauko karibu sana na mwenzake. Mandhari hayo, ambayo mgeni huyaona kama savana ya asili, ni kazi ya mikono. Aliyeacha mti usimame alijua kwamba huenda asile matunda yake yeye mwenyewe.

Mashahidi wa karne ya 14

Al-Umari hakufika Mali. Aliyefika ni Ibn Battuta, na kwa msomaji wa Kiswahili msafiri huyu si mgeni, kwa kuwa ndiye aliyetuachia maelezo ya Mogadishu, Mombasa na Kilwa ya mwaka 1331. Miaka 21 baadaye, mwaka 1352, alivuka Sahara kutoka Sijilmasa. Akiwa njiani kutoka Walata kwenda mji mkuu wa Mali, alikutana na tunda analoliita gharti. Alilifananisha na plamu, akasema ni tamu sana, na akaongeza kwamba linawadhuru watu weupe wanaolila. Kisha akaeleza matumizi ya mafuta yatokanayo na kokwa yake: watu huyapikia, huwashia taa, hukaangia maandazi, hujipaka mwilini, na huyachanganya na udongo kupaka kuta za nyumba.

Orodha hii ni ya thamani kubwa kwa mada yetu. Kwanza, ni ushahidi wa maandishi wa shahidi aliyekuwapo, ukieleza waziwazi kwamba mafuta ya shea yalipakwa mwilini katikati ya karne ya 14. Hatuna haja ya malkia yeyote. Anayeulizia ukale wa matumizi haya katika urembo anaweza kuelekezwa hapa. Pili, orodha haiutengi urembo na mengine. Mafuta yaliyopakwa ngozini ndiyo yaliyowashwa taani na kukaangiwa maandazi. Dhana ya kipodozi kama kitu cha pekee, chenye kopo lake na duka lake, haimo kabisa katika maelezo ya Ibn Battuta. Al-Umari naye, aliyefananisha mafuta hayo na samli, anataja kung’arisha nyumba, taa na sabuni. Mtu wa pwani yetu hataona ajabu katika hili: nazi ilikuwa tui chunguni na mafuta kichwani katika nyumba ile ile, na hakuna aliyeona haja ya kuchagua.

Tatu, majina. Kariti ya al-Umari na gharti ya Ibn Battuta yanakaribiana sana na neno karité linalotumika katika Kifaransa hadi leo, ambalo asili yake ni lugha za Afrika ya Magharibi. Jina hilo limepita katika maandishi ya Kiarabu na ya Kifaransa bila kupoteza sura yake. Jina la Kiingereza lilipita njia nyingine, nayo ndiyo tunayoigeukia sasa.

Park, na jina lililobaki nyuma ya kopo

Mwezi Julai 1796, Mskoti Mungo Park alifika Segou, kwenye mto Niger, akiwa amechoka na hana kitu. Alipokuwa akiendelea na safari kando ya mto, aliwaona watu wakiokota matunda ya mti waliouita kwa Kibambara jina ambalo yeye aliliandika shea. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1799 alieleza kwamba kiini hukaushwa juani na kuchemshwa, kwamba siagi yake huweza kukaa mwaka mzima bila kutiwa chumvi, na kwamba kwa ulimi wake yeye ilikuwa bora kuliko siagi yoyote ya ng’ombe aliyopata kuionja. Aliona pia, na hapa macho yake yalikuwa makali, kwamba mti huo haupandwi bali huachwa wakati wa kufyeka pori, na kwamba siagi yake ni bidhaa kubwa ya biashara ya ndani ya nchi zile. Kwa maneno mengine, alilieleza shamba la Kirikongo pasipo kujua kwamba limekuwapo kwa karne nyingi.

Wataalamu wa mimea walimlipa kwa kuupa mti huo jina lake. Kwa muda mrefu uliitwa Butyrospermum parkii: sehemu ya kwanza ni maneno ya Kigiriki yenye maana ya mbegu ya siagi, na ya pili ni Park. Baadaye sheria za utoaji wa majina ziliwarudisha wataalamu kwenye jina la Vitellaria paradoxa, lililokuwa limetolewa na Gaertner mwaka 1807, na jina la Park likaondoka katika botania. Halikuondoka katika biashara. Katika mfumo wa kimataifa wa majina ya viambato vya vipodozi, siagi hii inaendelea kuitwa Butyrospermum Parkii. Yeyote anayeshika kopo la losheni yenye shea na kusoma orodha ya herufi ndogo nyuma yake ana uwezekano mkubwa wa kulikuta.

Hivyo basi bidhaa hii inauzwa ikiwa na hadithi mbili za asili. Ile inayosimuliwa kwa sauti ni ya malkia ambaye hakuna ushahidi kwamba aliigusa. Ile iliyoandikwa kwa herufi ndogo ni ya msafiri aliyeikuta tayari imetengenezwa, akaila. Aliyeitengeneza hayumo katika yoyote kati ya hizo.

Kazi na matumizi

Kwa sababu hiyo ni lazima kazi yenyewe ielezwe, walau kwa ufupi, maana humo ndimo maarifa yalimo. Katika Afrika ya Magharibi matunda hudondoka kuanzia takriban mwezi Mei hadi Agosti, wakati mvua zimeanza na ghala za nafaka zimepungua. Wanawake hutoka alfajiri kuyaokota, kwa kuwa anayechelewa hukuta wenzake, au mbuzi, wamekwisha kupita. Nyama ya tunda huliwa. Kokwa huchemshwa ili zisiote wala mafuta yasiharibike, kisha huanikwa, hupasuliwa, na viini huanikwa tena. Hapo vinaweza kuhifadhiwa kwa miezi mingi.

Mwanamke anapotaka siagi, huviponda viini kinuni, huvikaanga, na kuvisaga hadi viwe uji mzito wa rangi ya kahawia. Uji huo hutiwa maji na kukandwa kwa mkono. Hatua hii ndiyo inayomtenga fundi na mwanafunzi: maji yakiwa ya moto mno au ya baridi mno mafuta hayatengani, na hakuna kipimo isipokuwa mkono wenyewe. Baada ya kukandwa kwa nguvu na kwa muda mrefu, povu jeupe la mafuta hupanda juu. Huenguliwa, husafishwa kwa maji, huchemshwa hadi maji yakauke na mashapo yatulie, kisha huachwa yagande. Anayejua namna ya kupika mafuta ya nazi nyumbani ataitambua mantiki ya kazi hii, ingawa hii ni nzito zaidi na inataka kuni na maji mengi zaidi.

Matumizi ya siagi hiyo katika kutunza mwili yamefungamana na hali ya hewa. Kuanzia takriban Novemba, upepo wa harmatani huvuma kutoka Sahara ukiwa mkavu na wenye vumbi. Ngozi hupauka, midomo hupasuka, na visigino huota magaga. Katika mazingira hayo kujipaka shea ni kinga kabla hakujawa pambo. Mtoto mchanga huchuliwa kwa siagi hiyo baada ya kuogeshwa. Nywele hupakwa kabla ya kusukwa, ili zilainike na zisikatike. Huchanganywa katika sabuni. Wapo wanaoipaka kwenye viungo vinavyouma, na katika Nigeria hutumika pia kuzibua pua iliyoziba kwa mafua. Matumizi hayo ya mwisho yalijaribiwa kitaalamu na A. Tella, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1979 na kuona kwamba dai la wenyeji lilikuwa na msingi.

Kemia ya leo inaeleza kwa nini. Sehemu kubwa ya siagi hii ni asidi ya steariki na asidi ya oleiki. Ya kwanza huipa ugumu, ya pili ulaini. Kwa pamoja huifanya igande katika joto la kawaida na kuyeyuka inapoguswa na ngozi. Tofauti na mafuta mengi ya mimea, shea ina kiasi kikubwa cha viambato visivyogeuka sabuni, ambavyo baadhi yake vimeonekana kutuliza uvimbe na uwasho. Ni kweli kwamba baadhi ya viambato hivyo hunyonya sehemu ya mionzi ya jua, lakini kwa kiasi kidogo. Wanaoiuza kama kinga kamili ya jua wanapita mpaka wa ushahidi, kama walivyoupita kwa Kleopatra. Jambo lingine ambalo wauzaji hawapendi kulisema ni kwamba siagi iliyosafishwa kiwandani hadi ikose rangi na harufu hupoteza sehemu ya viambato hivyo hivyo vinavyotangazwa.

Kutoka bidhaa ya ndani hadi bidhaa ya dunia

Wakoloni waliiona shea kama mafuta ghafi ya kutengenezea sabuni, mishumaa na siagi ya bandia. Katika maeneo ya kaskazini ya Gold Coast, Waingereza walitarajia kuifanya shea kuwa zao la kuuza nje, lakini reli iliishia Kumasi na gharama ya usafiri ikaimeza faida. Wakati huo huo biashara ya ndani iliendelea bila kuwasubiri. Brenda Chalfin, katika kitabu chake cha 2004 kilichotokana na utafiti wa Bawku, kaskazini mashariki mwa Ghana, ameonyesha kwamba wanawake wauzaji wa siagi hawakuwa mabaki ya mila wakisubiri kugunduliwa na soko. Walikuwa wafanyabiashara wenye soko lao, mikopo yao na mahesabu yao.

Soko la nje lililokuja kukua halikuwa la urembo hata kidogo. Lilikuwa la chokoleti. Mafuta ya shea yanapochujwa hutoa sehemu ngumu inayofanana kitabia na siagi ya kakao lakini kwa bei nafuu. Mwaka 2000 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo lililoruhusu hadi asilimia 5 ya mafuta mengine ya mimea katika chokoleti, na shea ilikuwa mojawapo ya mafuta sita yaliyotajwa. Hata leo sehemu kubwa mno ya shea isafirishwayo kutoka Afrika huishia katika vyakula, na nyingi husafirishwa kama kokwa, si kama siagi. Mwanamke anayeuza kokwa ameuza kazi ya kuokota, kuchemsha na kukausha. Ile kazi ya mkono wenye ujuzi imehamia kwenye mtambo wa Ulaya.

Ni kutokana na hali hiyo kwamba soko la vipodozi, ingawa ni dogo kwa ujazo, lina umuhimu wa pekee, kwa kuwa sehemu yake hununua siagi iliyokwisha kutengenezwa. Kampuni ya L’Occitane ya Ufaransa ilianza kununua siagi kwa wanawake wa Burkina Faso katika miaka ya 1980, na The Body Shop ya Uingereza ikafanya hivyo karibu na Tamale, Ghana, katika miaka ya 1990. Nchini Marekani, Waamerika weusi walioacha dawa za kunyoosha nywele waliitafuta shea kama sehemu ya kurudi kwenye nywele zao za asili; kampuni ya Sundial, iliyoanzia Harlem na kuongozwa na Mliberia Richelieu Dennis, ilijijenga juu ya mahitaji hayo hadi iliponunuliwa na Unilever mwaka 2017. Katika kipindi hicho hicho ndipo msemo wa dhahabu ya wanawake ulipoenea kama jina la shea. Msemo unapendeza. Hata hivyo, katika sehemu nyingi ardhi ambamo mti umesimama ni ya mume au ya ukoo wake, na mwanamke ana haki ya kuokota tu. Dhahabu ya namna hiyo ina mashaka yake.

Upande wa mashariki: shea ya Nile

Takriban yote yaliyoelezwa hadi hapa yanahusu magharibi. Upande wa mashariki wa ukanda huu una aina yake ndogo, nilotica, ambayo siagi yake ina asidi nyingi zaidi ya oleiki na hivyo ni laini zaidi mkononi. Waacholi na Walango wa Uganda huuita mti huo yaa, na mafuta yake moo yaa. Huliwa, hupakwa mwilini, hupakwa watoto wachanga, na yana nafasi katika shughuli za kimila. Kukata mti wa yaa ulio hai kulikatazwa kimila, na katazo hilo lilifanya kazi ile ile ambayo kule Kirikongo ilifanywa na shoka lililopita kando.

Vita vya Uganda ya Kaskazini, vilivyodumu kwa takriban miongo miwili hadi mwaka 2006, viliwaingiza zaidi ya watu milioni moja katika kambi. Mashamba yaliachwa na mti ukabaki peke yake. Watu waliporudi, walikuta biashara nyingine imewatangulia: mkaa. Shea ina mti mgumu, unaowaka polepole na kwa joto kali, na majiji yana njaa ya mkaa. Mti uliochukua miaka 20 kuanza kuzaa na uliokuwa umesimama kwa karne nzima huangushwa kwa asubuhi moja, ukauzwa kwa magunia. Mwezi Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa amri iliyopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara katika eneo hilo, baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wenyeji. Amri hiyo ilitolewa mahali ambapo kwanza palikuwa na mwiko, na mwiko haukuhitaji askari wa kuusimamia.

Kwa mwanahistoria, hasara hii ina sura ya pekee. Shamba la shea ni nyaraka kwa namna yake: umri wa miti, umbali kati ya mmoja na mwingine, na mahali ilipoachwa ni kumbukumbu ya maamuzi ya watu ambao hawakuandika. Kirikongo ilituachia maganda kwa kuwa yaliungua na kufukiwa. Visiki vya Acholi na Lango vinang’olewa na kuchomwa pia, na bibi zilizojifunza kukanda moo yaa kabla ya kambi zinapungua mwaka hadi mwaka. Utafiti wa mashariki, kwa kutumia Kiacholi, Kilango na Kiswahili, unapaswa kuanzia kwao, na kuanza sasa.